Sabuni ya Kufulia na Maji ya Kwenu

Nimeombwa niseme nanyi kwa muda mfupi juu ya jambo ambalo kila nyumba hulijua, nalo ni kufua nguo. Najua ya kwamba baadhi yenu mtacheka mkiona mwanamume amesimama kuwaambia watu habari za karai na sabuni. Chekeni tu, lakini nisikilizeni. Sikuja kama mwalimu; nimekuja kama mtu aliyekosa, akafundishwa, na ambaye hapendi wengine wakose kama yeye.

Kila mtu ana sabuni aipendayo. Mmoja hawezi kufua ila kwa sabuni ya kipande, kwa kuwa ndiyo aliyoiona mikononi mwa mama yake. Mwingine hutaka sabuni ya unga yenye povu jingi. Wa tatu huinua pakiti dukani akainusa kwanza, kama anunuaye matunda. Wa nne hakubali kuwa shati jeupe limetakata mpaka alitie buluu, na wa tano mpaka alitie ile dawa ya kutakasa ambayo wengi wetu huiita jiki. Ukiwauliza sababu, kila mmoja atakujibu, "Ndivyo nilivyozoea." Mazoea si kitu kibaya. Lakini mazoea yaliyozaliwa mahali pamoja huenda yasifae mahali pengine, nami nitawaeleza jinsi nilivyopata kulijua jambo hilo.

KOSA LANGU

Mimi nilizaliwa bara, katika nchi ya milima ambako mito hushuka kutoka Nyandarua. Kwetu mama alifua kwa sabuni ya kipande. Akipaka mara mbili tatu, povu lilijaa, na nguo ikatakata. Nilipokwenda shule ya sekondari ya bweni nilifanya vivyo hivyo, na mashati yangu yalisifiwa. Basi nikashika imani moja moyoni, ya kwamba sabuni ya kipande ndiyo sabuni, na vingine vyote ni maneno ya wenye duka.

Baadaye kazi ilinipeleka Mombasa. Nilipanga chumba katika nyumba yenye kisima uani, nikamwajiri mama mmoja wa mtaa ule, mtu mzima, anifulie nguo kila Jumamosi. Nilimpa sabuni ya kipande, nikahesabu ya kwamba itatosha mwezi mzima. Baada ya majuma mawili akaniambia imekwisha. Nikampa nyingine, nayo ikaisha vile vile. Na mashati yangu meupe, badala ya kung'aa, yalianza kuwa ya kijivu, na ukosi ukawa mgumu kana kwamba umepakwa uji ukakauka.

Hapo nilifanya hesabu ya haraka, kama wafanyavyo watu wanaojiona werevu. Sabuni inakwisha upesi, na nguo hazitakati; kwa hiyo sabuni inakwenda kwingine. Sikumwita mwizi kwa mdomo wangu, lakini mwisho wa mwezi nilimkata bei ya kipande kimoja katika mshahara wake. Alizihesabu fedha, akanitazama, akasema kwa upole, "Mwanangu, hujaniuliza."

Nikamjibu ya kwamba sina la kuuliza.

Akasema, "Sabuni yako ni ya bara, na maji haya ni ya pwani. Njoo uone."

Alichota maji ya kisima akayatia katika chupa moja, kisha akachota maji ya mvua katika pipa akayatia katika chupa ya pili. Akakwangua sabuni kwa kisu, akatia kiasi kilicho sawa katika chupa zote mbili, akanipa nizitikise. Chupa ya maji ya mvua ilijaa povu mpaka shingoni. Ile ya maji ya kisima ilitoa povu kidogo tu, na maji yake yakawa kama maziwa yaliyokatika, yenye chembe nyeupe zinazoelea.

"Sabuni yako ndiyo hiyo," akasema. "Sikuila mimi, imeliwa na maji."

Mabibi na Mabwana, sijapata kuona haya kama siku ile. Nilimrudishia fedha zake, nikamwomba radhi. Radhi alinipa, na fedha alizipokea pia, maana zilikuwa haki yake.

JUA MAJI YAKO KWANZA

Sababu ya mambo yale ni hii. Sabuni ya kipande hufanywa kwa mafuta, kama ya mawese au ya wanyama, yakichanganywa na soda kali. Kila chembe ya sabuni ina ncha mbili. Ncha moja hupenda mafuta, nayo huushika uchafu. Ncha ya pili hupenda maji, nayo huuvuta uchafu huo utoke katika nguo. Lakini maji yaliyopita katika mawe ya chokaa, kama yale matumbawe yaliyo chini ya mji wa Mombasa, huchukua madini ya mawe hayo. Madini hushikana na sabuni kabla haijaufikia uchafu, yakafanya utando usioyeyuka. Utando huo ndio ulioganda katika mashati yangu. Maji ya namna hii huitwa maji magumu, na visima vingi vya nchi kame navyo hutoa maji kama hayo. Maji ya mvua ni laini, kwa kuwa hayajapita katika jiwe lo lote.

Sabuni ya unga ya siku hizi ni kitu kingine, ingawa twaiita kwa jina lile lile la sabuni. Wajerumani walianza kutafuta kitu cha kushika mahali pa sabuni wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mafuta yalipoadimika kwao. Mwaka 1946 kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ilitoa unga uitwao Tide, nao ukafua vizuri hata katika maji magumu. Dawa ya kusafisha iliyomo katika unga wa namna hii hutengenezwa viwandani, mara nyingi kutokana na mafuta ya petroli, wala haigandi na chokaa kama sabuni ya kipande. Tena watengenezaji hutia ndani ya unga vitu vya kuyalainisha maji.

Basi kanuni yangu ya kwanza ni hii: jua maji yako, ndipo ununue sabuni. Fanya jaribio la chupa mbili kama nilivyofanyiwa mimi. Ikiwa maji ya kwenu ni laini, sabuni ya kipande yatosha, na fedha yako itabaki mfukoni. Ikiwa ni magumu, tumia sabuni ya unga, au kinga maji ya mvua kwa ajili ya nguo nyeupe. Iko njia ya tatu pia, nayo ni soda ya kufulia. Soda ya namna hii huchimbwa nchini mwetu katika Ziwa Magadi, ambako kampuni ya kuichimba ilianzishwa mwaka 1911. Mimi huyeyusha kijiko kimoja katika ndoo ya maji magumu, nikangoja kidogo, ndipo nikatia sabuni. Soda huishika chokaa, na sabuni hupata nafasi ya kufanya kazi yake. Lakini hufanya hivyo kwa nguo za pamba tu. Sufu na hariri huharibiwa na soda, na mikono nayo hupasuka isiposuuzwa vizuri.

POVU, HARUFU NA WEUPE

Kanuni ya pili: povu si usafi. Povu ni hewa iliyofungwa katika ngozi nyembamba ya sabuni. Unga uliotengenezwa kwa ajili ya mashine za kufulia hutoa povu kidogo sana, na hata hivyo nguo hutakata. Mtu akiongeza unga kila mara ili aone povu likipanda, unga uliozidi hubaki katika nguo, ukawasha ngozi ya mtoto. Tena humlazimu kusuuza mara nne badala ya mbili, na wengi wetu twanunua maji kwa mtungi. Basi amepoteza unga, na maji, na nguvu za mikono yake, asipate cho chote ila kuona povu.

Harufu nayo ni vivyo hivyo. Marashi hutiwa ili kutupendeza, wala hayaondoi doa. Ile dawa ya kulainisha nguo hupaka nyuzi utando mwembamba wenye mafuta. Kwa blanketi yaweza kufaa, lakini taulo au nepi ikitiwa dawa hiyo mara kwa mara hupungua nguvu ya kunyonya maji.

Na buluu? Vile vidonge vya buluu tulivyoviona kwa mama zetu ni rangi tu. Zamani rangi hiyo ilitoka katika jiwe la thamani lililoletwa kutoka Afghanistan. Mwaka 1828 Mfaransa mmoja, Jean-Baptiste Guimet, alipewa tuzo kwa kuivumbua njia ya kuitengeneza kwa bei nafuu. Nguo nyeupe ikizeeka huwa manjano, na buluu kidogo huificha manjano hiyo machoni petu. Sisemi usiitumie; mimi mwenyewe napenda shati lenye buluu. Nasema tu ya kwamba buluu huja baada ya usafi, wala haishiki mahali pake.

Kanuni ya tatu: tazama doa kabla ya kutazama pakiti. Damu huloweshwa katika maji baridi, kwa kuwa maji ya moto huigandisha katika nyuzi. Kwa maziwa, mayai na jasho hufaa unga wenye vimeng'enya, ambavyo ni jamaa ya vile viyeyushavyo chakula tumboni mwetu. Otto Röhm wa Ujerumani ndiye aliyepata hati ya kuvitumia katika kufua, mwaka 1913. Navyo hutaka muda. Loweka nguo kwa nusu saa au zaidi katika maji ya uvuguvugu, wala usitie maji yanayochemka, maana yataviua. Sufu na hariri zisiloweshwe humo, kwa kuwa vimeng'enya hivyo huweza kuzila nyuzi zenyewe. Na doa la kutu usilitie jiki kabisa, kwani litazidi kukaa. Litie ndimu na chumvi, ulianike juani, kisha usuuze sana.

HATARI ILIYOMO KATIKA CHUPA

Nimesema usuuze sana, na sasa nitawaambia kwa nini. Jiki ni dawa yenye nguvu ya klorini. Mfaransa Berthollet alianza kuitumia klorini kutakasa vitambaa katika miaka ya 1780. Ni dawa nzuri kwa pamba nyeupe, ikichanganywa kwanza na maji mengi baridi. Lakini ikikutana na ndimu, siki, au dawa kali ya kusafishia choo, hutoa hewa ya klorini. Na hewa hiyo ndiyo iliyofunguliwa juu ya askari huko Ypres, nchini Ubelgiji, mwezi wa Aprili mwaka 1915. Ikikutana na mkojo katika nepi isiyosuuzwa hutoa hewa nyingine yenye sumu. Kwa hiyo suuza nepi kwanza, fungua dirisha, na usichanganye dawa mbili kwa kudhani ya kwamba nguvu zitaongezeka.

Jambo la mwisho ni kubwa kuliko yote. Watu wengi hununua jiki kidogo kidogo, wakaitia katika chupa ya soda, wakaiweka chini karibu na karai. Mtoto ajua nini? Yeye aijua chupa, naye ana kiu. Nawasihi, dawa ikae katika chupa yake yenye jina lake, juu, mahali asipofika mtoto. Na kama msiba umekwisha kutokea, msimtapishe, maana dawa itamchoma koo mara ya pili inapotoka. Mpelekeni hospitali mara moja, pamoja na chupa ile ile, ili daktari aone alichokunywa.

Haya, mkitaka kujua mazoea yangu ya leo, ni haya. Rafuni nina kipande cha sabuni kwa ukosi, vikwapa na soksi. Nina unga wa kupimwa kwa kijiko, si kwa konzi. Na nina jiki chache iliyo juu kabisa, ambayo huenda nikamaliza mwezi nisiiguse. Jua nalitumia bure, nguo za rangi nikizigeuza ndani nje zisipauke. Na maji machafu nayamwaga ardhini, mbali na mto, kwa kuwa unga mwingine una vitu vinavyostawisha magugu ya majini.

Mabibi na Mabwana, siwaambii mpende sabuni niipendayo mimi. Pendeni yenu, lakini mjue sababu ya kuipenda. Na siku mtakapoona shati halikutakata, msifanye haraka kumlaumu aliyelifua, awe mke, au binti, au mtu wa mshahara. Chukueni chupa mbili, myaulize maji kwanza.