Mpe Alichouliza, Usimpe Zaidi

(Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni kabla ya kipindi: TAARIFA, MUHURI, POCHI, RIDHAA.)

Natumaini mmekwisha kukaa na madaftari yako tayari. Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linalotuhusu sote, tajiri na maskini. Nalo ni hili: habari zako wewe mwenyewe, na nani anayestahili kuzijua.

Nianze na kisa kidogo. Siku moja nilinunua karanga za kukaanga njiani. Nilipokwisha kuzila niliikunjua karatasi niliyofungiwa. Lo! Ilikuwa nakala ya kitambulisho cha mtu: picha yake, jina lake, namba yake na sahihi yake. Bila shaka aliitoa mahali fulani kwa shughuli ya siku moja. Shughuli ikaisha, karatasi ikabaki, mwishowe ikauzwa pamoja na makaratasi mengine. Niliichana vipande vipande, lakini sikuweza kujua nakala nyingine ngapi za mtu yule zinazunguka mjini.

Je, kosa ni la muuza karanga? Hapana. Yeye alinunua karatasi ya kufungia tu. Kosa lilianza pale mtu alipotakiwa kuthibitisha neno moja, akatoa kumi.

Fikirini. Namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania ina tarakimu 20. Tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kwa hiyo anayeiona namba hiyo amekwisha kujua umri wako, hata kama hakukuuliza. Mwizi akipata namba hiyo pamoja na jina, picha na sahihi, anaweza kujaribu kujifanya wewe, akakope kwa jina lako. Wako wasemao, "Mimi sina la kuficha." Ndugu zangu, mtu anayefunga mlango akiwa anaoga si mwizi. Anajistahi tu.

Sasa wataalamu wametengeneza chombo cha kutusaidia katika jambo hili. Tukiite pochi ya utambulisho. Si pochi ya ngozi. Ni programu inayokaa ndani ya simu janja na kuhifadhi vyeti vyako, kama kitambulisho, leseni ya udereva au cheti cha chuo.

Katika kazi ya pochi hii wako watu watatu. Wa kwanza ni mtoaji, yaani serikali au chuo kinachokupa cheti. Wa pili ni wewe, mwenye pochi. Wa tatu ni mwulizaji, yaani mtu anayetaka kuhakikisha jambo fulani juu yako.

Chukueni mfano wa bahasha. Mtoaji hakupi karatasi moja yenye kila kitu. Jina lako analitia katika bahasha moja, tarehe ya kuzaliwa katika bahasha ya pili, anwani katika ya tatu. Katika bahasha nyingine anaandika maneno haya tu: "Ametimiza miaka 18." Kisha zote anazitia muhuri. Muhuri huo si wa wino, umefanywa kwa hesabu. Mtu akibadili hata herufi moja, hesabu hazikubaliani, na udanganyifu hujulikana mara moja.

Haya, umeingia mahali pa kuuza bia. Muuzaji ana haja ya kujua jambo moja tu: umetimiza miaka 18, au bado? Chombo chake kinaiuliza simu yako. Simu inakuonyesha swali, nawe unakubali au unakataa. Hiyo ndiyo ridhaa. Ukikubali, bahasha moja tu inafunguliwa. Muuzaji anaona "Ndiyo" na muhuri wa serikali. Hajui jina lako, wala siku uliyozaliwa, wala unakolala. Kanuni ya kimataifa ya leseni ya udereva ya ndani ya simu, iliyotolewa mwaka 2021, ina nafasi ya jibu la namna hii hasa.

Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria mwaka 2024, kuziagiza nchi zake 27 kuwapatia raia pochi ya utambulisho ifikapo mwisho wa mwaka 2026. Raia hailipii, wala halazimishwi kuichukua. Tena sheria ile imemfunga mwulizaji pia. Hana budi kujiandikisha kwanza na kutaja habari anazozitaka, na haruhusiwi kuuliza zaidi ya hizo. Pochi nayo huweka kumbukumbu ya kila aliyepewa habari, ili mwenyewe aweze kushtaki akiona amedhulumiwa.

Hata hivyo pana hatari mbili. Ya kwanza: muhuri ule ule ukionyeshwa kila mahali, wenye maduka wawili wakilinganisha watatambua kuwa ni mtu yule yule. Njia moja ya kuzuia jambo hilo ni kuipa pochi mihuri mingi, kila mmoja utumike mara moja tu.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi, nayo iko mikononi mwetu. Pochi haikatai kwa niaba yako. Ukibonyeza "Nakubali" bila kusoma, itafungua kila bahasha iliyoombwa. Anayejua kusoma swali ndiye anayeweza kusema, "Hili nitakujibu, lile halikuhusu." Ndiyo maana nasema mazungumzo ya leo ni sehemu ya somo letu la kusoma.

Huenda mwanafunzi mmoja anajiuliza, "Mimi simu yangu ni ya vitufe tu. Habari hizi zanifaa nini?" Zinakufaa sana, maana kanuni ni ile ile hata kwa karatasi. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inataka taarifa zikusanywe kwa kazi iliyotajwa, na zisizidi zile zinazohitajiwa kwa kazi hiyo. Iko pia Tume ya kupokea malalamiko.

Basi fanyeni hivi:

1. Uliza kwa adabu: "Unaitaka taarifa hii kwa kazi gani?" Benki na serikali wana mengi wanayopaswa kuuliza kisheria, lakini kuuliza sababu si ugomvi.

2. Kama kuonyesha kitambulisho kunatosha, onyesha, kisha kirudishe mfukoni. Usiache nakala.

3. Kama nakala ni lazima, andika juu yake kazi yake na tarehe.

4. Piga *106# uone namba za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, ipelekee kampuni ya simu taarifa upesi.

Sasa mwalimu wenu atawaongoza katika maswali haya:

1. Mtoaji, mwenye pochi na mwulizaji, kila mmoja kazi yake ni nini?

2. Mtu anayetaka kukupangisha chumba ana haja ya kujua nini juu yako? Na nini hakimhusu?

3. Kila mmoja akumbuke mara ya mwisho alipotoa nakala ya kitambulisho chake. Aandike sentensi tatu: aliitoa wapi, kwa kazi gani, na je, kuonyesha tu kusingetosha?