Waifremu Zinazobofyeka: Tuanze na Njia za Makosa



Wengi wetu huchora waifremu, yaani michoro sahili ya skrini za mifumo, kwa programu zilezile tunazochorea mtiririko wa kazi na mitandao ya kompyuta: Visio, au draw.io ambayo haina malipo. Visio ilipotoka mwaka 1992, miaka minane kabla ya Microsoft kuinunua kampuni iliyoitengeneza, kazi yake ilikuwa kuchora maumbo na kuyaunganisha kwa mistari. Hakuna aliyeitarajia iigize mfumo unaotumika. Hata hivyo programu hizi zinaweza kuupa mchoro vitendo vichache, na hoja yangu ni kwamba vichache hivyo vinatosha, mradi tuvitumie kwanza pale tunapopakwepa: mtumiaji anapokosea, anapokataliwa, anapotaka kurudi nyuma.

Tuchukue mfumo wa kuomba mkopo wa SACCOS kwa simu. Mwanachama anaandika kiasi, anachagua wadhamini, anahakiki, anatuma. Kurasa nne, mishale mitatu, na kwenye kikao cha kamati kila mjumbe anaridhika. Lakini akiomba zaidi ya kiwango ambacho akiba yake inaruhusu? Mdhamini mmoja akikataa baada ya ombi kutumwa? Mchoro wa karatasi hunyamazia maswali hayo. Ukishaweka viungo, maswali hujitokeza yenyewe, kwa sababu kitufe kisicho na pa kwenda humkwamisha anayebofya mbele ya macho yenu nyote.

Kitendo cha kwanza ni kiungo kutoka umbo hadi ukurasa. Kwenye draw.io unachagua kitufe, unahariri kiungo chake, kisha unachagua ukurasa miongoni mwa kurasa za faili hilohilo. Kwenye Visio ni vivyo hivyo, ila wakati wa kuchora unabofya huku umeshika Ctrl. Ukibonyeza F5 mchoro unajaza skrini na kubofya kwa kawaida kunatosha. Kuna kikwazo kimoja ambacho huwasumbua wengi. Mtu hufunika eneo la kubofya kwa mstatili usiojazwa rangi, kisha hushangaa kwamba katikati yake hapabofyeki. Kwenye Visio umbo lisilojazwa hushikika kwenye kingo tu. Lijaze rangi yoyote, halafu ongeza uangavu wake hadi asilimia 100. Halitaonekana, lakini litapokea kubofya kote.

Kitendo cha pili ni kuonyesha na kuficha, na hapa ndipo penye utajiri. Fomu yetu ya mkopo inaweza kutoa maonyo matatu yasiyotegemeana: kiasi kimezidi, mdhamini hajatimiza masharti, namba ya uanachama si sahihi. Ukitaka ukurasa kwa kila hali utahitaji 8, na siku nembo ikibadilika utairekebisha mara nane. Badala yake chora ukurasa mmoja, na kila onyo liwe kwenye tabaka lake. Draw.io inaruhusu kiungo kibebe amri badala ya anwani: ionyeshe hiki, ifiche kile, au igeuze hali iliyopo ya kitu. Amri huandikwa kwa maandishi ya JSON yanayotaja vitambulisho vya maumbo. Mara ya kwanza inaonekana ngumu, lakini ukiwa na amri moja inayofanya kazi, zinazofuata ni kunakili na kubadilisha kitambulisho.

Kabla ya kwenda kuujaribu mchoro kwa wanachama, jueni kwamba faili la HTML linalotolewa na draw.io huchota kionyeshi chake kutoka mtandaoni. Ukilipeleka kijijini ambako intaneti haishiki, utaona ukurasa mtupu. Lijaribu mapema ukiwa umezima data.

Nisingependa mtu aondoke hapa akidhani tumepata mbadala wa kuandika programu. Waifremu ya namna hii haikumbuki chochote. Mwanachama akiandika shilingi 500,000 kwenye ukurasa wa kwanza, ukurasa wa kuhakiki hautazijua. Kwa hiyo andika tarakimu za mfano zinazolingana kuanzia mwanzo hadi mwisho, na umwambie anayejaribu kwamba ndizo zake kwa siku hiyo. Swali lenu likiwa ni hesabu ya riba au marejesho, acheni kuchora, tengenezeni kielelezo kwa lahajedwali au msimbo.

Rangi nazo zisubiri. Mchoro ukipendeza, watu huanza kusifu au kulaumu rangi na kusahau kusema kwamba hawajui wabofye wapi. Mistari ya kijivu humfanya mtumiaji aseme wazi, kwa sababu anaona kazi bado haijakamilika na neno lake lina nafasi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia mifumo, alitetea mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro za muundo. Watano hao kamati yoyote inaweza kuwapata siku ya mkutano wa wanachama.

Baada ya chai, kila kundi litachukua skrini moja ya fomu yetu na kuchora njia tatu za kushindwa kabla ya njia ya kufanikiwa. Kila ukurasa uwe na kitufe cha kurudi kinachofanya kazi. Kisha makundi yatabadilishana faili, na aliyechora hataruhusiwa kuelekeza. Atakaa kimya, ataangalia kidole cha mwenzake kinakwenda wapi, na kuandika kila kinapositasita.