Lebo Kwanza, Skana Baadaye: Kazi ya Kuokoa Slaidi za Zamani za Tiba



Machi 1961, Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London, kuhusu watoto wa Afrika waliokuwa na uvimbe mkubwa wa taya. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Uvimbe wenyewe ulitisha, lakini kilichomvuta Epstein zaidi ni kwamba ugonjwa ulikuwa na mipaka: uliandama maeneo ya joto na mvua, ukakwepa nyanda za juu zenye baridi. Akashuku kuna kiini cha maambukizi. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr.

Picha ya uvimbe peke yake isingefika huko. Iliyofanya kazi ni picha pamoja na habari za mtoto alikotoka. Ndiyo maana, sasa ambapo kila mwenye kabati la slaidi za zamani anaulizia bei ya skana, naomba tuanze na fremu.

Chukueni slaidi moja ya kawaida. Filamu ina milimita 24 kwa 36, na imebanwa ndani ya fremu ya kadibodi au plastiki ya milimita 50 kwa 50. Juu ya fremu kuna namba ya hospitali kwa wino uliofifia, jina la ugonjwa lililofupishwa kwa namna aliyoijua daktari mwenyewe, pengine na muhuri wa kiwanda unaotaja mwezi na mwaka filamu iliposafishwa. Kwenye kona kuna nukta iliyowekwa kwa kalamu au stika. Nukta hiyo ilimwonyesha mtu wa projekta pa kushika asije akaigeuza picha. Skana haioni hata kimoja kati ya hivyo, inaona filamu tu. Ukiipuuza nukta ukaskani upande usio wake, mguu wa kushoto unakuwa wa kulia, na mwanafunzi atakayeisoma picha hiyo miaka 30 baadaye hana wa kumsahihisha.

Kwa hiyo kabla slaidi haijatoka kwenye boksi lake, fremu ipigwe picha pande zote mbili, hata kwa simu. Boksi nalo lipigwe, na mpangilio wa ndani uandikwe ulivyo. Slaidi 80 zilizopangwa kwenye trei ya projekta mara nyingi ni mhadhara mzima, na ukizichanganya umeuchana.

Suala la rangi linahitaji muda zaidi, maana hapa ndipo wataalamu wa kompyuta na sisi tunapogongana. Kodachrome hudumu vizuri sana gizani lakini huchujuka upesi kwenye taa ya projekta. Ektachrome nyingi za zamani hugeuka wekunduwekundu hata zikiwa ndani ya boksi. Programu ya skana inaweza kuzirekebisha kwa kubofya mara moja, na kwa picha za harusi sina ugomvi nayo. Katika tiba rangi ni ushahidi: umanjano wa macho, weupe wa kiganja kwa mtu aliyepungukiwa damu, wekundu wa ngozi ambao kwa mtu mweusi hauonekani kirahisi hata ukiwa naye ana kwa ana. Faili la kwanza libaki kama lilivyotoka kwenye skana, uchujukaji wake ukiwemo. Anayetaka nakala ya kufundishia arekebishe nakala, na aandike alichobadili.

Hali ni hiyo hiyo kwa kuondoa vumbi. Njia inayotumia miali ya infraredi hukosea kwenye Kodachrome, ikala sehemu za picha yenyewe. Zile zinazosaka vitone vyeupe nazo zina hatari yake: dalili ya mapema ya surua ni vidoa vya Koplik, vitone vyeupe ndani ya shavu. Programu haikusomea udaktari. Tumieni kipulizio cha mkono na brashi laini.

Nafasi ya kuhifadhia si tatizo kubwa kama linavyotangazwa. Kwa nukta 4,000 kwa inchi na biti 16 kwa kila rangi, slaidi moja hutoa faili la takriban megabaiti 128, na slaidi 20,000 hazifiki terabaiti 3. Wekeni nakala mbili, majengo mawili tofauti.

Si lazima kuskani kila kitu. Slaidi zilizonakiliwa kutoka vitabuni zisubiri. Za ndui zitangulie, kwa kuwa mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya asili alipatikana Merca, Somalia, Oktoba 1977, na hakuna atakayepiga nyingine.

Limebaki suala la wagonjwa wenyewe. Wengi hawakuombwa ridhaa, au waliombwa kwa namna ambayo hatungeikubali leo. Mstari mweusi machoni haumfichi mtu kwa ndugu zake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote zinahesabu habari za afya kuwa nyeti. Napendekeza picha zenye sura au namba ya hospitali zisomwe ndani ya taasisi tu, kwa maombi ya maandishi, na faili la lebo litengwe na faili la picha.

Ombi langu la mwisho ni la bajeti. Yale majina yaliyofupishwa wanayajua wauguzi, wapiga picha na madaktari waliostaafu, na kila mwaka wanapungua. Kabla ya kununua skana ya pili, tenga nauli na posho waje wakae na slaidi hizi, mmoja akitaja na mwingine akiandika.