Siku Moja Bondeni: Matembezi ya Mume na Mke Katika Mtaa wa Flemingdon Park

Leo tunazungumzia matembezi, na hasa matembezi ya watu wawili, mume na mke, waliokwenda kupumzika ugenini. Watu hao ni mimi na mwenzangu, na ugenini penyewe ni Flemingdon Park, mtaa wa magorofa ulioko katika jiji la Toronto, nchini Kanada.

Mgeni afikaye Toronto kwa kawaida huelekezwa kwenye mnara wa CN, wenye urefu wa mita 553, kisha hupakiwa garini apelekwe kwenye maporomoko ya Niagara, mwendo wa zaidi ya kilomita 120. Mpwa wangu, aliyetupokea nyumbani kwake mwezi Oktoba mwaka 2025, naye alikuwa amepanga hivyo hivyo. Lakini mpwa huyo hufanya kazi mbili, mchana ghalani na usiku kwenye teksi, na mkewe huwahudumia wazee zamu ya usiku. Jumapili ndiyo siku yao pekee ya kulala wakashiba usingizi. Mke wangu aliyaona hayo tangu siku ya kwanza, akaniambia: "Baba Zuhura, tukimtoa mtoto huyu kitandani atupeleke Niagara, tutakuwa tumekuja kumtembelea au kumchosha?" Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi tukaamua kutembea kwa miguu yetu wenyewe, na mwenyeji wetu tukamwacha alale.

Kabla ya kuendelea, inafaa tuujue mtaa huo. Ardhi ya Flemingdon Park ilikuwa mali ya Robert John Fleming, aliyepata kuwa meya wa Toronto katika miaka ya 1890. Mwishoni mwa miaka ya 1950 palianza kujengwa magorofa ya kupangisha, na tangu hapo mtaa umekuwa mlango wa wahamiaji. Miongoni mwa waliofikia pande hizo ni Waasia wa Afrika Mashariki: wale waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, wakipewa siku 90 tu za kuondoka, na wale walioiacha Tanzania baada ya serikali kutaifisha majumba mwaka 1971. Mwandishi M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, aliyasimulia maisha ya watu wa namna hiyo katika riwaya yake No New Land ya mwaka 1991, inayohusu familia ya Dar es Salaam iliyohamia kwenye magorofa ya Don Mills, pande hizo hizo.

Tulianzia kaskazini, ng'ambo ya barabara ya Eglinton, penye Makumbusho ya Aga Khan yaliyofunguliwa mwaka 2014. Jengo lake, lililobuniwa na Mjapani Fumihiko Maki, limevikwa mawe meupe yaliyotoka Brazil. Mkabala nalo ni Kituo cha Waismailia chenye kuba la kioo, kazi ya msanifu Mhindi Charles Correa. Baina ya majengo hayo mawili ipo bustani yenye mabirika ya maji yaliyotulia kimya, na mtu huweza kuketi humo bila kulipa kiingilio.

Tulikuwa tumeketi tukizungumza Kiswahili, mara mzee mmoja mwenye mkongojo akasimama, akatega sikio, kisha akauliza: "Mnatoka pande zipi, jamani?" Tukainuka, tukamwamkia: "Shikamoo, mzee." Akaitikia "Marahaba" kwa sauti ya mtu aliyeingoja salamu hiyo muda mrefu. Aliondoka Dar es Salaam akiwa kijana, nusu karne na zaidi iliyopita. Hakutuuliza habari za siasa wala za uchumi. Aliuliza kama miembe ya Upanga bado ipo. Mke wangu akamjibu kwa upole kwamba ipo iliyosalia, ila mingi imepisha magorofa. Mzee akatazama magorofa yaliyomzunguka, akacheka, akasema: "Basi yamenifuata na huko."

Kutoka hapo tulishika barabara ya Don Mills kuelekea kusini, tukapita mbele ya Kituo cha Sayansi cha Ontario. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1969, na msanifu wake, Raymond Moriyama, alikijenga kikishuka pamoja na mteremko wa bonde, badala ya kuusawazisha mteremko wenyewe. Vizazi vya watoto wa shule vilipitia humo. Tarehe 21 Juni 2024 serikali ya jimbo ilikifunga ghafla, ikieleza kwamba paa lake lina hatari. Kwa watoto wa mtaa huo, waliokuwa na hazina hiyo hatua chache tu kutoka mlangoni mwao, hasara yake haihitaji maelezo.

Nyuma ya kituo hicho ardhi huporomoka, na msafiri hujikuta msituni. Hapo ndipo penye bustani ya E. T. Seton, kando ya tawi la magharibi la mto Don. Imepewa jina la Ernest Thompson Seton, mwandishi wa hadithi za wanyama, ambaye utotoni alizurura katika bonde la mto huo. Mwezi wa Oktoba majani ya miti huwa mekundu na ya manjano, nayo hudondoka mfululizo hata njia isionekane.

Huenda msikilizaji akajiuliza: katika jiji ambalo ardhi ni ghali kiasi hicho, imekuwaje bonde zima likaachiwa miti? Jibu ni la huzuni. Mwezi Oktoba mwaka 1954 kimbunga Hazel kililipiga jimbo la Ontario, mito ikafurika usiku, na watu 81 wakapoteza maisha. Baada ya msiba huo mamlaka zilinunua ardhi ya mabondeni na kuzuia watu kujenga makazi humo. Hivyo bustani anazotembea mgeni leo ni wosia wa mafuriko. Sisi wa Dar es Salaam, tunaolijua bonde la Msimbazi na mvua zake, tulisimama ukingoni tukatazamana.

Ndani ya bustani hiyo upo uwanja wa kulenga shabaha kwa upinde, ulio wazi kwa umma bila malipo. Kijana mmoja alituazima upinde wake, akatufunza kanuni: wote hurusha, wote husimama, kisha wote huenda kuokota mishale kwa pamoja. Mishale yangu mitatu iliishia majanini. Wa mke wangu wa tatu ulichoma ukingo wa shabaha, na tangu siku hiyo sijapata raha nyumbani.

Alasiri mpwa wetu aliamka, akatupigia simu, kisha akateremka na binti yake mdogo. Alisimama kando ya mto akitazama juu, akilitafuta dirisha lake miongoni mwa madirisha. "Mjomba," akasema, "miaka minane naliona bonde hili kutoka juu, nikidhani ni pori la serikali." Mtoto alikwisha kuvua viatu.

Wasikilizaji wapenzi, atakayejaliwa kufika huko na achukue viatu madhubuti na maji ya kunywa, ajihadhari na mmea wenye majani matatu matatu unaowasha ngozi, wala asishangae kusikia ngurumo za magari ya barabara kuu ipitayo bondeni humo. Aidha, kabla ya kudai apelekwe mbali, na amtazame kwanza mwenyeji wake usoni. Ndugu zetu wengi walioko ng'ambo wanaishi jirani na mambo mazuri wasiyopata wasaa wa kuyaona, kwa sababu saa zao wameziuza ili nasi huku tupate ada za shule na dawa. Mgeni aliye likizoni anao wasaa huo, na anaweza kuugawa.