Si Kila Ufa ni wa Kuziba

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo nakupeleka pwani ya Kilwa na Lindi, ambako chini ya ardhi kuna nyufa ambazo hakuna fundi wa kuziziba, na baadhi yake zenyewe ndizo zinazoziba.

Pwani ile imekaa juu ya matabaka ya mchanga na mfinyanzi yaliyorundikana kwa mamilioni ya miaka hata yakawa miamba. Ardhi ilipovutwa na kusukumwa, matabaka yalikatika. Upande mmoja ukashuka, wa pili ukabaki juu. Mkato huo wataalamu huuita mpasuko wa miamba.

Gesi ni nyepesi. Hupanda kupitia vitundu vidogo vya jiwe la mchanga mpaka izuiwe na mfinyanzi. Mpasuko ukilifanya jiwe la mchanga liegemee mfinyanzi, njia imefungwa na gesi hubaki. Ukikutanisha mchanga na mchanga, gesi yaweza kupita ikaenda zake. Mpasuko, basi, ni kama mlango.

Wataalamu huuonaje? Hutuma mtetemo ardhini na kunasa mwangwi wake. Mwangwi huchorwa kama mistari, na mistari inapokatika na kuhama, hapo huwa wanashuku mpasuko. Lakini mchoro peke yake hauthibitishi kwamba mlango umefungwa, wala kwamba ndani mna gesi. Hilo hujulikana kwa kuchimba kisima.

Tunayo mifano. Songo Songo, wilayani Kilwa, gesi iligunduliwa mwaka 1974, ikaanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004. Miaka 30! Jirani yake, Kiliwani Kaskazini, gesi ilipatikana mwaka 2008, uzalishaji ukaanza mwaka 2016, na haukupita muda mrefu shinikizo la kisima likaporomoka. Ujirani wa visima si undugu wa gesi.

Nayasema haya kwa sababu kila mikuza ya vipimo inapokatwa, uvumi hutangulia mbele ya wapimaji. Yuko atakayeuza shamba kwa pupa, na yuko atakayeacha kupalilia akingoja neema. Wote wawili wamekosa jambo moja: kuelezwa.

Kupima si kupata. Wataalamu na viongozi wetu waketi na wanakijiji, kwa Kiswahili chepesi, kabla panga la kwanza halijagusa kichaka. Waseme wanatafuta nini, na kwamba wanaweza wasikipate. Na fidia ilipwe bila kungoja matokeo, kwani mkorosho ukishakatwa umekatwa, kisima kiwe na gesi au kiwe kikavu.

Nawe ndugu yangu wa Kilwa na Lindi, gesi ikija, karibu yake. Lakini msimu wa korosho haumngoji mtu. Palilia.

Tukutane juma lijalo.