Oti-Mwitu Katika Mashamba ya Ngano: Aina Zake, Makao Yake na Alama za Kuitambua



Miongoni mwa magugu yanayoingia katika shamba la ngano, ni machache yanayomdanganya mkulima kwa muda mrefu kama oti-mwitu. Inapochipua, jani lake hufanana na jani la ngano. Inaporefuka, husimama bega kwa bega na ngano. Na siku inapojitokeza wazi, ikiwa imeinua suke lake juu ya masuke ya ngano, punje zake za kwanza zimekaribia kuanguka. Mkulima huitambua wakati ambapo kuitambua hakumsaidii tena kwa msimu huo. Kwa sababu hiyo maelezo haya yanashughulikia zaidi sura ya mmea na punje yake kuliko madawa.

Kwa mwanachama wa ushirika jambo hili lina uzito wa pekee. Mkulima asiyeshirikiana na mtu akipanda mbegu chafu huharibu shamba lake mwenyewe. Lakini wanachama wanaochanganya mbegu katika ghala moja, na kuvunisha kwa kombaini moja inayotoka shamba hadi shamba, huweza kugawiana gugu hili katika msimu mmoja tu bila yeyote kujua lilikotoka.

Kwanza jina lenyewe lataka maelezo. Neno shayiri limetumiwa vitabuni kwa nafaka mbili tofauti: ile inayonunuliwa na viwanda vya bia, yenye suke lililoshikamana na ndevu ndefu, na ile inayopikwa uji na kulishwa farasi, ambayo wakulima wengi wa nyanda za juu huiita oti. Katika maelezo haya shayiri ni ile ya kwanza peke yake. Suke la oti halikushikamana. Limetawanyika kwa vijitawi vyembamba vinavyoning'iniza vishuke, na upepo mdogo hutosha kuvitikisa.

Jamii nzima ya oti huitwa na wataalamu wa mimea Avena. Asili ya aina nyingi za mwituni ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati, pamoja na Uturuki, Siria, Iraki na Irani. Ngano na shayiri zilianza kulimwa katika sehemu hizo hizo za mashariki, na oti ilikuwa gugu ndani yake. Mtaalamu wa Urusi, Nikolai Vavilov, alieleza kwamba watu walipoihamisha ngano ya kale kwenda nchi za baridi na za udongo hafifu, ngano ilidhoofika na gugu likastawi, hata wakulima wakaishia kulivuna gugu lenyewe. Hivyo oti inayopandwa leo ni mtoto wa oti-mwitu, na undugu huo haujakatika: aina mbili zinazosumbua zaidi mashamba bado huweza kuchavushana na oti ya kupandwa.

Kutoka huko oti-mwitu imeifuata ngano karibu kila mahali. Imeenea Ulaya, katika nyanda za ngano za Kanada na Marekani, Argentina na Australia. Katika jimbo la California ilifika pamoja na walowezi wa Kihispania na mifugo yao, na leo vilima vingi huko hugeuka rangi ya dhahabu wakati wa kiangazi kwa sababu ya nyasi hizo za kigeni. Afrika Mashariki si kwao pia. Hapa haina nguvu katika joto la pwani wala katika nyanda za chini. Makao yake ni nyanda za juu zenye baridi, pale pale ngano na shayiri zinapostawi, na katika mashamba ya ngano ya Kenya imehesabiwa kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa magugu mabaya kabisa ya jamii ya nyasi.

Ethiopia ina habari yake, nayo inafaa kusikilizwa. Katika milima ya nchi hiyo iko oti iitwayo Avena abyssinica, ambayo haipandwi peke yake wala haing'olewi. Huota ndani ya shayiri, huiva nayo, na punje zake hazianguki zenyewe. Kwa hiyo huvunwa pamoja na shayiri, husagwa pamoja nayo na huliwa. Ndugu yake wa mwituni, aliyepewa jina la Avena vaviloviana kwa heshima ya Vavilov, ambaye alizuru nchi hiyo mwaka 1927, hudondosha punje zake chini. Mimea hii miwili inafanana sana. Lakini mmoja huwangoja wavunaji na mwingine hauwangoji, na tofauti hiyo moja ndiyo inayotenganisha chakula na gugu. (Vavilov mwenyewe, aliyetumia maisha yake kutafuta mbegu za kuwalisha watu, alifariki gerezani mwaka 1943.)

Aina mbili zinazowahusu zaidi wakulima wa ngano wa Afrika Mashariki ni Avena fatua na Avena sterilis. Zote mbili ni nyasi za msimu mmoja, zenye kimo cha karibu mita moja na mara nyingine zaidi, na kwa mbali hazitofautiani. Hapana budi kuzitazama kwa karibu, na kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni ya miche. Mche wenye majani mawili au matatu ung'olewe taratibu na kutazamwa mahali jani linapoiacha ala yake na kuliacha bua. Ngano na shayiri zina vijisikio viwili hapo vinavyolikumbatia bua. Vya ngano ni vidogo na vina vinyweleo, vya shayiri ni vikubwa na laini. Oti haina vijisikio kabisa. Ina utando mweupe tu uliosimama. Tena, jani changa la oti likitazamwa kutoka juu hujisokota kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, ilhali la ngano na la shayiri hufuata mwendo wa saa. Alama hizi mbili zikipatikana pamoja, hapana shaka tena. Zinaonekana mapema, wakati jembe na dawa bado vina kazi ya kufanya.

Hatua ya pili ni ya suke. Kila kishuke kimefunikwa na makapi mawili makubwa ya nje, na ndani yake zimo punje mbili au tatu. Punje zikishaanguka, makapi hayo hubaki juu ya bua yakiwa matupu, meupe, yamefunguka. Mkulima akiyaona wakati wa mavuno na kufurahi kwamba gugu halikuzaa, amekosea: limezaa, na mazao yamo udongoni.

Hatua ya tatu ni ya punje, nayo ndiyo hasa kazi ya katibu na ya mtunza ghala. Punje ya oti-mwitu ina udevu uliopinda katikati kama kiwiko, na sehemu ya chini ya udevu huo imesokotwa kama kamba. Chini ya punje pana kovu la mviringo, kama mdomo mdogo uliokaza, na mara nyingi pamezungukwa na nywele. Punje ya oti ya kupandwa haina kovu la namna hiyo. Nywele zake ni chache au hazipo, na udevu, kama upo, kwa kawaida umenyooka. Rangi isitegemewe. Punje za fatua huweza kuwa nyeupe, za kijivu, za kahawia au nyeusi.

Kuzitenga aina mbili kwatosha kutazama jinsi zinavyoanguka. Katika fatua kila punje hujitenga na kuanguka peke yake, na kila moja ina kovu lake. Katika sterilis kishuke chote huanguka kwa pamoja, punje mbili au tatu zikiwa zimeshikana, na kovu liko kwenye punje ya kwanza tu. Kombaini huweza kuzivunja. Hapo punje ya pili huonekana haina kovu bali kijiti kilichokatika, na mtu asiye na habari huidhania kuwa oti ya kawaida. Kwa jumla sterilis ni kubwa zaidi, makapi yake ya nje yakipita sentimita 3, na ndevu zake ni ndefu zaidi.

Udevu ule uliosokotwa si pambo. Unyevu ukiupata hujisokotoa, ukikauka hujisokota upya. Na kwa kujigeuza huko usiku wa umande na mchana wa jua, punje hutambaa juu ya ardhi mpaka ikapata ufa na kujichimbia. Ndani ya udongo hailazimiki kuota. Baadhi ya punje huota msimu unaofuata, nyingine hulala miaka kadhaa, na mche wake huweza kutokea kutoka kina cha sentimita 15. Ndiyo maana shamba lililopaliliwa vizuri mwaka mmoja huota tena mwaka unaofuata kana kwamba halikuguswa. Kulima kwa kina mara baada ya mavuno huzificha punje na kuzihifadhi. Zikiachwa juu kwa muda, ndege, panya na hali ya hewa huzipunguza.

Wako wanachama wanaoitetea oti-mwitu kwa kuwa ng'ombe huipenda. Ni kweli kwamba ni majani mazuri, lakini yakatwe kabla suke halijatoka. Baada ya hapo majani makavu husafirisha punje, na baadhi yake hupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai na kurudi shambani ndani ya mbolea mbichi. Samadi ioze vizuri kwanza.

Dawa zipo, nazo Bwana Shamba atashauri ipi itumike na lini. Jambo moja tu lisisahauliwe: tangu miaka ya 1980 huko Australia, na baadaye Kanada na kwingineko, zimetokea oti-mwitu zisizokufa kwa dawa zilizokuwa zikiziua, baada ya dawa za kundi moja kurudiwa mwaka baada ya mwaka. Kubadilisha dawa, na kubadilisha ngano kwa maharage, viazi au alizeti, si anasa.

Yabaki mambo yaliyo mikononi mwa chama. Kombaini isafishwe kabla ya kuvuka mpaka wa shamba, na shamba lenye oti-mwitu livunwe la mwisho, hata kama mwenye shamba ni mjumbe wa kamati. Kabla ya mavuno wanachama wapite mistarini na kung'oa masuke yaliyojitokeza, wayatie ndani ya gunia papo hapo na kuyachoma. Kuyalaza pembeni mwa shamba ni kuyapanda.

Na ghalani, kabla ya mbegu kugawiwa, kilo moja ichukuliwe kutoka kila fungu, itandazwe juu ya meza yenye kitambaa cheupe na kupekuliwa punje kwa punje, katibu akiwa na wanachama wawili mashahidi. Punje yenye kovu na udevu uliopinda ikionekana, hata moja, iandikwe katika daftari pamoja na jina la shamba, na fungu hilo lipelekwe kinuni. Lisitoke ghalani kwa jina la mbegu.