Kisulisuli Hakipimwi kwa Mbali

Kiangazi kikikolea, mtu aliyesimama ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro mara nyingi huviona visulisuli vya vumbi vikizunguka kule chini. Mkulima wa Karatu naye anavijua: vinaokota mabua shambani, vinapita, basi. Tonado ya Marekani ni jambo jingine, kwani yenyewe huzaliwa na wingu la radi, na kisulisuli chetu huzaliwa na joto la ardhi. Lakini vyote viwili ni vyembamba. Kituo cha hali ya hewa kilicho kilomita tano kando hakiambulii kitu.

Ndiyo maana Wamarekani waliamua kukipeleka kipimo njiani mwa dhoruba yenyewe. Kuanzia mwaka 1981 walibeba nyuma ya pikapu pipa zito lililojaa vipimo, kilo 180 hivi, wakaliita TOTO. Kazi ilikuwa kuliteremsha upesi na kukimbia. Tonado zikalikwepa. Mwaka 1984, karibu na Ardmore huko Oklahoma, moja ililigusa kwa ubavu tu, na toto likaanguka chali, maana lilikuwa refu na uzito wake uko juu.

Mhandisi Tim Samaras wa Colorado akafanya kinyume. Alitengeneza chombo kilicholala chini kama kobe, kimo cha sentimita 15 hivi, ili upepo ukigandamize badala ya kukipindua. Tarehe 24 Juni 2003, huko Manchester, South Dakota, tonado ilikipanda kichwani. Kanieneo ya hewa ilishuka kwa milibari 100 kwa muda usiofika dakika moja. Ukipanda gari kutoka Karatu mjini hadi ukingoni mwa kreta, masikio yanaziba, na bado hujafikisha mshuko huo. Samaras aliuawa na tonado tarehe 31 Mei 2013 huko El Reno, Oklahoma, pamoja na mwanawe Paul na mwenzao Carl Young.

Mimi sisemi tununue kobe. Kule Ngorongoro, karibu na Olduvai, uko mchanga unaohama, jivu jeusi la volkano linalosukumwa na upepo kuelekea magharibi, hadi mita 17 hivi kwa mwaka. Walioupima walisimika vigingi vyenye mwaka, wakaviacha. Kigingi kimetulia, mchanga unakwenda, hesabu inapatikana.

Lakini upepo ukiezua mabati ya shule, taarifa yetu huandika "upepo mkali" na kufunga faili. Ukali gani? Mwaka 1971 Tetsuya Fujita, Mjapani aliyefundisha Chicago, alionyesha kwamba uharibifu wenyewe ni kipimo: hutazama kilichovunjika, ukakadiria kasi. Hilo halihitaji pikapu. Linahitaji mwalimu au mtendaji wa kijiji mwenye daftari, afike kabla mabati hayajaokotwa, maana ifikapo asubuhi ya pili hayapo.

Aandike saa. Ahesabu kwa hatua upana wa njia ya uharibifu. Kisha atazame miti iliyolala: ikiwa yote imeelekea upande mmoja, huenda ni upepo wa mnyoofu ulioshuka kutoka wingu la mvua, ikiwa imepishana, mmoja huku na mwingine kule, katika njia nyembamba, hapo awaite watu wa hali ya hewa waje kuangalia.